Shahidi Mwenye Gunia Kichwani

Kila punda wa kijivu amebeba msalaba mgongoni. Mstari mmoja mweusi unashuka kutoka shingoni hadi mkiani, na mwingine unakatisha mabegani. Kila mwaka, kabla ya Jumapili ya Matawi, mimi, katekista wa kigango chetu, nilikuwa nikiwapeleka wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, zizini kwangu wauone kwa macho yao. Watu wa kwetu husema punda alipewa alama hiyo kwa sababu alimbeba Bwana kuingia Yerusalemu. Sikuwaambia kamwe kwamba hayo ni mafundisho ya Kanisa, na sikuwakataza kuyapenda. Ila sikufikiri kwamba siku moja ningetafuta alama ya kumtambulisha punda wangu mbele ya watu, nikakuta aliyo nayo wanayo punda wote.

Punda huyo alikuwa jike, mpole, mwenye tabia ya kusimama kidogo kabla ya kuvuka maji. Niliachiwa na padre mmoja mzee alipokuwa anarudi kwao kupumzika. "Umetembea sana kwa ajili yangu," aliniambia, "sasa upate miguu mingine minne." Nilimshukuru Mungu kwa zawadi ile, na hata leo, baada ya yote yaliyotokea, namshukuru.

Nyumba yangu iko upande wa Ukata, mahali ambapo mlima umesimama wima, na mashamba yetu ya ngoro, yale mashimo ambayo sisi Wamatengo huchimba kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo, yanaonekana kwa mbali kama sega la nyuki lililoegemezwa ukutani. Zamani gari la ushirika lilikuja kuchukua kahawa upande wetu. Kisha soko likafunguliwa. Watu wakasema sasa ni ruksa, kila mwenye gari na mizani anunue. Wanunuzi walikuja wengi kweli, lakini walisimama barabarani, ng'ambo ya bonde, na hawakuwa na haja ya kuvuka mto. Mwenye kahawa aliifuata mizani mwenyewe. Mke wangu alikuwa na maumivu ya nyonga tangu uzazi wake wa mwisho, na vijana wangu walikuwa wameondoka. Bila punda, kahawa yetu ingeozea nyumbani.

Ng'ambo ya bonde, kando ya barabara, aliishi rafiki yangu. Tulisoma wote katekisimu, tukapewa Kipaimara siku moja, na binti yangu wa kwanza alipobatizwa, yeye ndiye aliyesimama kuwa msimamizi wake. Alikuwa mrefu, mwenye pengo mbele, na alicheka kabla ya kumaliza kusema jambo, hivi kwamba wengine walianza kucheka nao bila kujua wanachekea nini. Alikuwa na stoo ya bati, na kahawa yangu ilikaa humo kusubiri mnunuzi mwenye bei ya haki.

Tulikuwa na utaratibu wetu, na watu walikuja kuutazama kama kioja. Asubuhi nilimfunga punda mizigo miwili ya kahawa ya maganda, nikampiga kofi dogo matakoni, nikamwambia, "Nenda kwa msimamizi." Akaenda peke yake. Alishuka kwenye ngoro, akavuka mto, akapanda upande wa pili, akaingia uwanjani kwa rafiki yangu na kusimama kwenye nguzo. Rafiki yangu alimshusha mizigo, akampa maji, akamfunga chumvi au sabuni au mafuta ya taa niliyoagiza, akamgeuza. Mchana punda alikuwa nyumbani. Hatukuandikiana kitu. Kati yangu na yeye palikuwa na punda tu, na punda alitosha.

Msimu mmoja wa kahawa, punda aliondoka na mzigo asubuhi, na jua likaanza kushuka bila yeye kurudi. Nilivuka bonde.

"Hakufika, ndugu yangu," rafiki yangu alisema. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. "Nimekaa hapa tangu asubuhi. Nikadhani leo hukuwa na mzigo."

Tulimtafuta pamoja. Alishuka nami mtoni, akaingia kwenye matete mpaka kiunoni, akapiga mluzi ule ninaoupiga mimi. Aliuliza kila mpita njia. Jumapili alisimama katika sala za waamini akaomba kwamba mali ya mtumishi wa Mungu ionekane. Mke wangu alilia kwa ajili ya maneno yale. Alisema, "Kama si yeye, tungekuwa peke yetu." Tangu wiki ile alianza kubeba kahawa kichwani, debe baada ya debe, akipumzika kila mahali penye jiwe.

Miezi ikapita. Ikatangazwa semina ya makatekista kule ziwani, Mbaha, nami nikateremka na wenzangu. Asubuhi moja baada ya Misa nilitembea ufukweni. Akina mama walikuwa wanaanika usipa kwenye vichanja, samaki wadogo wale wanaong'aa kama sindano. Kati ya vichanja alipita punda amebeba nyavu zilizolowa. Nilimwona akisimama kidogo kwenye mkondo wa maji kabla ya kuukanyaga.

Nikapiga mluzi. Masikio yakainuka. Akaja moja kwa moja mpaka kifuani kwangu, nyavu na yote.

"Shikamoo, baba," alisema mama mmoja akija nyuma yake na ungo. "Usimwonee fahari, huyo akipigiwa mluzi huenda kwa yeyote. Ana tamaa kama mimi."

"Marahaba, mama. Ulimpata wapi?"

"Kwa mtu wa kwenu huko juu, kwa wachimba mashimo. Mrefu, ana pengo. Mtu wa kuchekesha! Anacheka kabla hajasema."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Mama yule, mchuuzi wa usipa, Mwanglikana wa palepale Mbaha, alidhani nimeshikwa na homa ya joto la ziwani linalowapata watu wa milimani. Aliniletea maji kwenye kata. Nilikunywa huku punda akinipumulia shingoni, kisha nikamrudishia kata, nikarudi semina bila kumdai punda.

Niliporudi nilikwenda kwa rafiki yangu kabla ya kwenda kwangu. Nilitaka aniambie mwenyewe. Uwanjani palikuwa na watu wakisubiri mizani.

"Nilimuuza punda, ndiyo," alisema. "Punda wangu. Nilimpata Songea, akakaa hapa siku chache, nikaona hanifai."

"Mbona sikumwona?"

"Kwani kila kinachoingia kwangu lazima katekista akibariki kwanza?" Akacheka, na wale watu wakacheka. "Ndugu yangu, punda ni punda. Wote wana masikio. Huzuni imekupofusha."

Nilisema mbele ya watu wale kwamba punda yule ni wangu, na kwamba yeye anajua. Basi neno likawa limetoka. Likapita barabarani, likapanda vilima, na liliponirudia lilikuwa limegeuka. Watu walisema katekista amemsingizia msimamizi wa mtoto wake. Walisema, mtu anayefundisha amri ya nane anaivunja hadharani. Baba wa mmoja wa wakatekumeni alimtoa mwanawe katika darasa langu. Paroko, kijana mwenye haki, aliniita na kuniambia kwa upole kwamba ikiwa siwezi kuonyesha ukweli wa neno langu, itanibidi nipumzike kufundisha mpaka maneno yapoe. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu. Punda ningeweza kumkosa. Lakini nilikuwa sina kazi nyingine niliyoipenda duniani ila ile, nami sikuwa na shahidi ila mnyama mmoja.

Wazee wa kigango walikaa na mwenyekiti wa kitongoji. Kwetu ipo desturi ya zamani: kuku akigombewa na nyumba mbili, hufungwa mchana kutwa, na jua linapozama huachiwa katikati. Banda analoingia kulala ndilo la mwenyewe. Desturi hiyo imemaliza ugomvi mwingi, na nilipoisikia ikitajwa nilifurahi moyoni. Nabii wa kale alisema kwamba hata punda hujua kibanda cha bwana wake. Nilikuwa nimelifundisha neno hilo. Sasa nililishika kama mtu anavyoshika mti mtoni.

"Aletwe njiapanda ya kule mteremkoni," mzee mmoja alisema. "Njia moja inashuka ziwani, nyingine inakuja kwetu. Aachiwe. Akija huku, ni wa katekista. Akishuka, ni kweli alikuwa mgeni wa Songea."

Rafiki yangu aliinua mkono. "Mimi nakubali. Lakini haki itendeke kwa wote. Akipandishwa kwa miguu, huku anaona, anayemwongoza anaweza kumfundisha njia. Mtu anaweza kumwonyesha majani kila kona. Avikwe gunia kichwani tangu kule chini, apandishwe kwenye gari la samaki, na akifika azungushwe kidogo, ili asipendelee upande."

"Maneno ya busara," wazee wakasema.

Mimi pia nilisema ni ya busara. Nilimshukuru.

Siku ile tulikuwa watu wengi kwenye njiapanda. Wengine walikuwa wamechoma mahindi wakauza, kama siku ya mnada. Gari la samaki lilipanda kona baada ya kona likitoa moshi, na nyuma yake alikuwa punda, amefungwa miguu, gunia la sukari kichwani, na mama mchuuzi amekaa juu ya matenga akimshika shingo. Upande wa milima yetu wingu lilikuwa limeshuka mpaka barabarani. Huoni shamba, huoni mti. Upande wa chini palikuwa peupe, na ziwa lote linametameta mpaka milima ya Malawi.

Wakamshusha. Vijana wawili wakamzungusha, mara kushoto, mara kulia, na watoto wakahesabu kwa kelele mpaka mwenyekiti akawanyamazisha. Gunia likavuliwa.

Punda alisimama. Alitikisa masikio. Sikuruhusiwa kupiga mluzi, na rafiki yangu hakuruhusiwa kusema. Nilisali kimya, sala moja tu, si ndefu: Bwana, wewe unajua. Punda aligeuza kichwa polepole kuelekea wingu, akakaa hivyo kiasi cha mimi kuvuta pumzi na kuiachia. Kisha akaligeukia ziwa, akaanza kushuka, bila haraka, kama mwenye kwenda nyumbani.

"Ameungama!" mtu alipiga kelele, na kicheko kikapanda mlima wote.

"Baba Katekista," mwingine akasema, "mbatize basi, maana amesema kweli kuliko wewe."

Rafiki yangu hakucheka. Alikuja akanishika bega mbele ya wote. "Nimekusamehe," alisema. Watu waliguswa sana na neno hilo. Nilirudi nyumbani ndani ya wingu, na mke wangu alipoona natembea peke yangu akarudi jikoni.

Nilipumzishwa. Jumapili nilikaa benchi la nyuma, na mbele yangu kijana mmoja aliwafundisha wakatekumeni kwa kusoma kitabuni, neno kwa neno. Sitaficha kwamba katika siku zile niliona nimeachwa. Rafiki yangu nilimwelewa angalau kwa sehemu. Ruksa ilikuwa imewaingia watu wengi vichwani. Lakini mnyama? Mnyama hana ruksa wala tamaa ya biashara. Nilimlisha kwa mkono wangu. Na nyuma ya mnyama, ingawa niliogopa kulifikisha wazo mwisho, alikuwepo Yule niliyemwomba.

Likizo ilipofika alikuja binti yangu wa kwanza, ambaye wakati ule alikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari. Alikuta nyumba imenuna. Mama yake alimsimulia yote jikoni. Asubuhi aliniita uwanjani.

"Baba, fumba macho. Nenda jikoni."

"Nina kazi."

"Huna. Fumba."

Nilifumba, nikatembea, nikagusa mlango wa jiko. Akanirudisha katikati ya uwanja. Akanizungusha kama mtoto, akinishika mabega, mpaka nikasikia miguu si yangu. "Sasa nenda jikoni, usifumbue."

Nilitembea kwa uhakika kabisa. Nilisikia mke wangu akicheka, kicheko cha kwanza tangu siku ya njiapanda. Nilipofumbua macho nilikuwa nimeshika mlango wa banda la mbuzi.

"Umemkana mke wako," binti yangu alisema. "Umesema nyumbani kwako ni kwa mbuzi. Je, umedanganya?"

Tukakaa kwenye kigogo, naye akanieleza. Alisema ndani ya ubongo wa mnyama zimo seli ambazo kazi yake ni kujua kichwa kimeelekea wapi. Moja huamka kichwa kikielekea kule kwenye mgomba, nyingine kikielekea kanisani, nyingine mtoni, na zikiamka hutoa mshtuko mdogo kama wa umeme. Wataalamu waliyajua hayo kwa kuweka nyaya nyembamba kama unywele katika ubongo wa panya na kumwacha atembee. Seli hizo hufanya kazi kama duara la watu wanaopokezana mwenge. Kichwa kikigeuka, mwenge hupita kwa jirani. Pia zimo seli nyingine, katika kipande cha ubongo kilichokunjika ambacho wataalamu wanakifananisha na samaki fulani wa baharini mwenye kichwa cha farasi, na hizo huamka mnyama akiwa mahali fulani tu. Moja ni ya zizi. Moja ni ya kivuko. Moja ni ya nguzo ya msimamizi.

"Punda amewekewa nyaya?" niliuliza.

"Punda nani atamweza? Lakini sehemu hizo anazo, kama sisi."

"Na mwenge unajuaje pa kwenda?"

"Sikioni, ndani kabisa, kuna vifereji vyenye maji. Kichwa kikigeuka, maji yanachelewa kidogo, na ubongo unasikia. Lakini hesabu hiyo inakosea kidogo kidogo, na ukizungushwa inaharibika kabisa. Hapo ubongo unafungua macho na kutafuta kitu kikubwa unachokifahamu, mlima au maji, unajishikiza hapo, kisha unaupanga upya mwenge wote." Alinitazama. "Siku ile alipofunguliwa, kulikuwa na kitu gani anachokifahamu?"

"Ziwa," nilisema. "Huku kulikuwa na wingu."

"Na njiapanda ile alikuwa ameshawahi kuiona?"

Nilifikiri. Hakuwahi. Safari zake zote za kwangu zilikuwa za bondeni, kutoka kwangu mpaka barabarani. Kule mteremkoni hakuwa na sehemu hata moja aliyoikanyaga akiwa nami.

"Basi mlimuuliza kwa lugha asiyoijua," binti yangu alisema. "Kuku mnamwachia uani kwake, anaona kila kitu, kwa hiyo anajibu. Huyu mlimzima taa zote kwanza, ndipo mkamwambia asome. Hakukukana, Baba. Alikuwa amepotea tu, akafuata kitu alichokijua."

Siwezi kueleza jinsi neno lile lilivyonipa pumzi. Nilikaa nikiyafikiria matendo ya Mungu, kwamba ameweka dira ndani ya kiumbe anayepigwa viboko kila siku, na hakumnyima hata panya. Miaka ya baadaye binti yangu huyohuyo aliniambia zimegunduliwa seli nyingine zinazoigawa ardhi katika vipande vilivyopangwa sawasawa, kama ngoro zetu hasa, na nilicheka peke yangu kwa furaha. Lakini asubuhi ile furaha ilikuwa fupi, maana aliongeza swali moja.

"Gunia lilikuwa wazo la nani?"

Mama yake aliyekuwa anatwanga aliacha mchi hewani. Nikamwambia binti yangu kwamba lilikuwa wazo la msimamizi wake. Alikwenda ndani, na alikaa huko kwa muda.

Nilijaribu kumtetea. Nilisema labda hakujua, kama sisi sote tulivyokuwa hatujui; hata mimi nilimshukuru kwa wazo hilo. Kwa majuma kadhaa nilikaa katika labda hiyo, na haikuwa mahali pabaya pa kukaa.

Msimu wa kiangazi barabara ya ziwani ilipokauka vizuri, wachuuzi wa usipa walianza kupanda na kuuza kwenye magulio ya huku juu. Siku moja adhuhuri nilisikia kelele bondeni. Mke wangu aliita kutoka mlangoni, kwa sauti ambayo sikuisikia tena mpaka alipofariki. Punda alikuwa anapanda kati ya ngoro, amebeba viroba viwili vya usipa, na nyuma yake, kanga mkononi, anakuja mama mchuuzi wa Mbaha, anahema na kutukana.

"Mnyama gani huyu! Nimemvumilia mpaka barabarani, akafika kwenye nyumba ya yule mrefu, akasimama kwenye nguzo kama mwenye miadi. Navuta, haendi. Kisha anajigeuza mwenyewe, anashuka bondeni na samaki wangu! Nimevuka mto na viatu vya kanisani!"

Punda alikuwa ameshaingia zizini. Alisimama mahali pake, kichwa kwenye kona anapopenda.

Mama yule alitazama zizi, akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika. Alikaa chini bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye baba wa ufukweni. Wa njiapanda."

"Ndimi."

"Kumbe." Mke wangu alimletea togwa, akashika kibuyu bila kunywa. "Baba, nikuambie jambo. Siku ile ya njiapanda nilidhani mnajua. Siku yule mtu aliponikabidhi punda huyu njiani, alikuja naye hivyohivyo, gunia kichwani. Nikamuuliza, kwani ni bibi harusi? Akacheka. Akaniambia, usilivue mpaka ufike naye kwako, na ukimtoa mzungushe kwanza, la sivyo atarudi kwa mwenyewe."

Nilisikia punda akitafuna. Labda yangu ilikuwa imekwisha.

Mama yule alishusha samaki wake palepale. Alikuwa amemnunua kwa haki, lakini alisema hawezi kula kwa mgongo wa mali ya mtu. "Sisi wa ziwani mnatuita wala samaki," alisema akijifunga kanga, "lakini wizi hatuuwezi." Alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti na kwa wazee, akayarudia maneno yale mbele ya rafiki yangu. Mwenyekiti alimlazimisha rafiki yangu amrudishie mama yule fedha zake. Rafiki yangu alisema, "Basi kumbe nilichanganya punda," na wapo waliocheka hata hapo. Paroko alinirudisha darasani. Jumapili ya kwanza nilifundisha tangu mwanzo: Mungu ni nani.

Nilikwenda kwa rafiki yangu mara moja tu, mchana, peke yangu, maana Injili inatuamuru tuanze hivyo na ndugu aliyetukosea. Nilimuuliza kama siku ile njiapanda alijua.

"Ulitaka punda aseme," alinijibu. "Nami nilimwacha aseme." Alikuwa anashona gunia, na sindano haikusimama. "Wewe una mshahara wako mbinguni. Sisi wengine tunatafuta hapahapa."

Nilimwambia Mungu ambariki, na nilimaanisha nusu ya neno hilo. Nusu nyingine ilinichukua miaka.

Tangu hapo punda hakwenda peke yake. Nilimwongoza kwa kamba, nikapeleka kahawa kwenye stoo ya mtu mwingine mbele kidogo barabarani. Kila tulipofika penye uwanja wa rafiki yangu, alivuta kulia, na kila mara nilimvuta kushoto. Binti yangu alikuwa ameniambia kwamba seli ya mahali haijui aliyepo mahali hapo ni mtu wa namna gani. Nami sikuweza kumchapa, kwa sababu Jumapili, nikitoka kanisani nikiwa na mawazo mengi, miguu yangu mwenyewe ilinipeleka mara mbili tatu mpaka mlangoni pake kabla sijashtuka.

Siku moja kamba ilinichomoka. Punda aliingia uwanjani akasimama kwenye nguzo na mzigo wake. Rafiki yangu alitoka ndani, akiwa amezeeka kidogo, na bila kunitazama alikwenda kwenye mafundo. Mikono yake ilijua. Alilegeza upande wake, na mimi, Mungu ananiona, nilikuwa nimekwisha kushika upande wangu, kama tulivyofanya kila nilipofuatana na mzigo, na gunia la kwanza likaanza kushuka kati yetu.

"Polepole upande huo," alisema.

Hapo tulitazamana. Alisubiri, na mimi nilisubiri. Neno moja tu lilihitajika, nalo lilikuwa lake. Punda alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Rafiki yangu alifuta mikono kwenye suruali, akaingia ndani.

Nililiinua gunia peke yangu. Nikalifunga upya, mafundo yote mawili, nikashika kamba, nikamgeuza punda kuelekea barabarani.